Emérence na Udongo Ambao Solange Hakuuacha Ukauke

Mama Emérence,

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotutoka, na nyumbani kwako Butembo bado kuna sahani moja zaidi mezani. Anayeiweka ni Papa Syauswa, mume wako. Hadassa, mdogo wako, humwambia aiondoe, naye huiondoa, na kesho yake anaiweka tena. Tumeacha kumsema.

Misa yako itasomwa Jumamosi. Marafiki watayasoma haya na wako huru kusikiliza, lakini tunaongea na wewe. Kuna jambo la Solange, binti yako, ambalo tunataka ulisikie kwetu kabla watu hawajaliharibu kwa kulisimulia vibaya. Kalamu anayo Hadassa, kwa hiyo chumvi kidogo itakuwepo. Unamjua.

Ulizaliwa Musienene, kwenye viazi na maharage, na wanaokukumbuka ukiwa mtoto wanasema ulikuwa hutumwi makaa ukarudi nayo yote. Njia nzima ulikuwa unachora kwenye kuta za watu. Baba yako alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akapaka chokaa kufuta michoro yako, na wewe ukafurahi kwamba umepewa ukuta mpya. Alitaka ujifunze kushona. Ulijifunza miezi miwili, ukashona suruali yenye mguu mmoja mrefu, na hapo mzee akaelewa.

Uliporudi kutoka masomoni Kinshasa ulifungua shule na wanafunzi kumi na mmoja, nyuma ya karakana ya seremala, chini ya mabati yaliyovuja. Wafanyabiashara wa Butembo ni watu wa kazi, hawapendi mchezo. Wakaiita shule ya kuchafua mikono. Wewe ulilichukua jina hilo, ukaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, na kwa miaka ishirini na miwili uliiongoza shule ile hadi wale wale waliocheka wakawa wanakuja kupanga foleni wachorewe vibao vya maduka.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Mwanafunzi akionekana saa sita mchana na mikono safi, ulimuuliza mbele ya wenzake, "Weye leo ulikuya kufanya nini hapa?" Ulitembea darasani mikono ikiwa nyuma ya mgongo, penseli mbili kwenye nywele, na hukuigusa kazi ya mtu hata mara moja. Ulisema tu kilichokosewa, kisha ukasimama hapo hapo mpaka mwenyewe akione. Lakini uliyemkemea asubuhi, mchana ulimletea yai la kuchemsha, ukaliweka kwenye meza yake bila kumtazama usoni. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya kuomba radhi, maana mengine hukuwa nayo.

Ulimjua mwenye njaa kwa jinsi anavyoshika penseli. Yule kijana aliyekimbia kutoka Kasugho ulimlaza kwenye stoo ya rangi mwaka mzima, na Papa Syauswa akadhani ni mlinzi, akawa anamsalimia kwa heshima kila jioni. Maharage ya nyumbani uliyaunguza kila wiki kwa sababu ulikuwa unatazama mvuke. Leo Hadassa anapika vizuri, hakuna kinachoungua, na hakuna anayeomba kuongezewa.

Sasa tuje kwa Solange.

Mwezi wako wa mwisho ulianza kufinyanga kichwa chake. Uliusimamisha mti wa kushikilia udongo juu ya ubao, ukaukandika udongo wa Musienene, ule mwekundu laini usio na mchanga, na kila Jumapili baada ya misa ukamkalisha karibu na dirisha la karakana. Mtoto huyu hajui kukaa. Alitazama simu, alijikuna, aliuliza saa. Nawe ukamwambia, "Miye nilikubeba miezi kenda, sikuuliza saa."

Jumapili ya nne sikio la kulia lilikuwa tayari, la kushoto bado. Solange akasimama. Alisema gari la Beni linamsubiri, arudi kwa wanafunzi wake wa darasa lile ulilofungua kule. Gari halikuwa linamsubiri. Magari ya Beni hayamsubiri mtu, na siku ile yalikuwepo mengine mawili nyuma yake. Alichoka tu kukaa.

"Mama, Jumapili ingine tutamaliza," alisema.

"Kwenda basi," ukamjibu. "Sikio moja inatosha kwa mutu mwenye hasikiake."

Alicheka, akabeba mfuko wake, akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mliyoambiana uso kwa uso, na Solange ameyabeba mwaka mzima kama hukumu. Sisi tuliokuwepo tunajua ulikuwa unamtania, lakini hebu jaribu kumwambia aliyefiwa.

Alhamisi tension, shinikizo la damu, ilikupanda ukiwa darasani, kabla ya somo la kwanza. Pikipiki ilipopatikana ulikuwa umeshakwenda. Solange alifika kutoka Beni alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia chumbani, akakutazama, akakushika mguu. Kisha akatoka. Tulidhani amekwenda kulia peke yake, na Hadassa akamfuata. Alimkuta karakanani. Alikuwa amekifunua kichwa kile, amekiosha kile kikwembe chako cha zamani ulichokuwa unafunikia udongo, amekikamua, na sasa alikuwa anakizungusha tena taratibu, kama mtu anayemvika mtoto mchanga. Alifunga plastiki juu yake kwa kamba. Ndipo akarudi akakaa chini pamoja na wanawake wengine na kulia.

Ambaye hajawahi kushika udongo ajue hivi: kazi isiyokwisha hufunikwa kwa kitambaa chenye maji ili kesho uikute laini. Ukiiacha wazi inakauka, inapasuka juu ya mti wake, inaanguka vipande. Kila mwanafunzi wako alilijua hilo kabla hajajua majina ya wenzake. Kitambaa ni cha usiku mmoja, siku mbili, wiki ukisafiri. Solange alikilowesha mwaka mzima, asubuhi na jioni, Pasaka na Noeli.

Sababu yake ilikuwa moja. Juu ya udongo ule kulikuwa na vidole vyako. Kwenye mashavu, kwenye kidevu, kwenye paji la uso pale ulipopandisha dole gumba kwa mkupuo mmoja. Umetuachia nguo na miwani, lakini hivyo ulivivaa tu. Udongo ule uliushika ukimtazama yeye. Aliona kwamba ukikauka, atakuwa amekupoteza kwa mara ya pili, na safari hii kosa litakuwa lake.

Basi hakwenda tena Beni. Ufunguo wa karakana aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Alipopata malaria alikubali Hadassa akaloweshe badala yake, na Hadassa hajamaliza kukamua kitambaa akamwona mlangoni, amejifunika blanketi, anatetemeka meno yakigongana, amekuja kuhakikisha. Watu walisema mengi. Hadassa mwenyewe alisema zaidi ya wote. Papa Syauswa pekee ndiye aliyemtetea.

"Muache," alisema. "Kila mutu iko na sahani yake."

Lakini huko Beni mambo yalikuwa yanaharibika, Mama, na lazima tukuambie. Darasa lile ulilianzisha kwa ajili ya watoto waliofika mjini wakikimbia vita, wakiwa wameona yasiyosemeka, wasitake kusema, na ulituambia kwamba mkono husema mdomo ukikataa. Ulimwacha Monsieur Tshibangu alishikilie siku ambazo Solange hayupo. Ni mtu mwema sana, mwalimu wa Kifaransa aliyetumwa kutoka Kasai, na hawezi kuchora hata yai. Kila Jumatatu alipiga simu, akichanganya na Kifaransa chake.

"Madame Solange, batoto banauliza. Niko nabafundisha mbuzi, mais mbuzi yangu iko kama kiti."

"Wiki ingine, Monsieur."

"Donc niseme wiki ingine?"

"Sema vile."

Wanafunzi walikuwa ishirini na watatu. Kufika Pasaka walikuwa kumi na wanne. Mwezi wa saba walikuwa tisa, na mwenye chumba, kwa kuona nafasi iko tupu, alianza kuingiza humo magunia ya kakao. Mara ya mwisho Tshibangu alisema wanachorea juu ya magunia, na kwamba mwenye chumba amemwambia waziwazi: shule zikifunguliwa Septemba bila mwalimu kuonekana, chumba chote ni cha kakao. Solange alisikiliza, akashukuru, akaweka simu chini. Kisha akachukua ndoo ya maji akaenda karakanani, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja.

Aliyeukata mzizi wa fitina ni Mathe. Unamjua Mathe, fundi wako wa plasta, aliyekuwa nawe tangu yale mabati yaliyovuja. Anaweza kubeba sanamu ya mtu mzima mgongoni, lakini mwanamke mwenye diploma akimtazama vibaya anajificha nyuma ya mlango. Mwezi wa nane, asubuhi moja, Solange alikuwa amekifunua kichwa ili abadilishe maji, na jua lilikuwa linaingia dirishani kwa ubavu. Mathe alikuwa anapita na beseni lake. Akasimama.

"Solange, samahani. Nikuambie kitu?"

"Sema, Papa Mathe."

Alionyesha shavu la udongo bila kuligusa. "Hapa palikuwa kidole ya mama yako. Iko wapi?"

"Iko hapo."

"Hapana. Ile ni kitambaa."

Solange aliinama. Akaugeuza ubao kuelekea mwanga. Akatafuta kwenye paji la uso, akatafuta kwenye kidevu, akapeleka macho karibu kama mtu anayetafuta sindano. Paji lilikuwa laini tu. Kwenye mashavu kulikuwa na nyuzi za kikwembe, moja moja, zimejichora vizuri juu ya udongo, pale pale lilipokuwa dole gumba lako.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi ya pili niliona inaanza kwenda. Kila ukifunika, kitambaa inalamba kidogo. Maji nayo inalamba."

"Na weye ukanyamaza."

"Nilikuogopa. Ulikuwa unalia kila siku. Nikasema labda ni macho yangu miye."

Akamfukuza. Alimwambia maneno ambayo hatutayaandika, maana Misa ni Jumamosi. Siku tatu hakumsalimu Mathe, wala hakutusalimu sisi, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Hadassa naye alimwendea Mathe akamkemea, akamwambia hata ukweli una siku yake. Lakini usiku kucha tuliwaza jambo moja: mtoto aliyelelewa kwenye udongo, aliyefundisha watoto wa watu kwamba kitambaa chenye maji hula alama ndogo kwanza, amefanya kosa hilo kwa mwaka mzima, mara mbili kwa siku, kwa mapenzi. Tungecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Siku hizo tatu aliendelea kulowesha. Hadassa alimchungulia mara moja. Alikuwa amekishika kitambaa juu ya ndoo, amekikamua, na hakukifunika kichwa. Alisimama nacho mpaka maji yakaacha kudondoka.

Siku ya nne alikwenda nyumbani kwa Mathe akiwa na yai la kuchemsha. Aliliweka kwenye stuli bila kumtazama usoni. Mathe alilimenya, akala, akafuta mikono.

"Plâtre iko?" Solange aliuliza habari ya plasta.

"Iko."

"Ya kutosha kichwa?"

"Ya kutosha. Mais unajua vile inafanyikaka. Udongo haitabakia."

"Najua, Papa Mathe. Tuanze kesho."

Sisi tusiojua tulielezwa. Plasta hupakwa juu ya udongo mpaka ganda gumu lipatikane, ganda hufunguliwa vipande viwili, na udongo uliomo hukwanguliwa wote, kwa sababu hautoki mzima. Katika ganda tupu ndimo humiminwa plasta mpya, na hiyo ndiyo inayobaki. Alichokuwa anakiogopa mwaka mzima, sasa ilibidi akifanye kwa mikono yake.

Kabla ya kuanza Mathe alimuuliza kama anataka kulimalizia lile sikio la kushoto. Angeweza, mkono wake ni mkono wako, kila mtu anasema. Solange alichukua kijiti, akakaa mbele ya kichwa chake mwenyewe kwa muda mrefu, safari hii bila kuuliza saa. Kisha akakirudisha kijiti mezani.

"Hapana," alisema. "Aliachia hapa."

Walipofungua ganda hakumruhusu Mathe akwangue. Alifanya mwenyewe, kwa vidole, donge baada ya donge, akiweka kila donge kwenye beseni. Alilia kwa sauti, Mama. Papa Syauswa alikuwa amekaa nje kwenye benchi, kofia magotini, naye hakuingia. Alituambia kwamba mwaka mzima alikuwa akiingoja sauti hiyo, kwa sababu siku ya mazishi mtoto alilia kwa adabu.

Kichwa kipo sasa, cheupe, kwenye rafu ya ofisi yako. Ni Solange kabisa, na ile dharau ya mdomo umeipata barabara. Mashavu yana nyuzi za kikwembe. Paji ni laini. Ila nyuma ya shingo, chini ya mstari wa nywele, mahali ambapo kitambaa hakikufika, ni plastiki tu iliyofungwa kwa kamba, kuna alama tatu za vidole vyako zimekaa kwa utulivu. Mathe ndiye aliyeziona kwanza, akamwita Solange, na safari hii hakuogopa. Papa Syauswa aliletwa azishike. Vidole vyake ni vinene kuliko vyako, haviingii. Aliviweka juu yake hivyo hivyo.

Kwa desturi yako, udongo wa kazi iliyokwisha hurudi kwenye pipa la wote. Solange aliutazama ule kwenye beseni siku mbili. Jumatatu asubuhi aliutia kwenye gunia, akaufunga, akavua ufunguo shingoni akampa Mathe, na akapanda gari la Beni. Udongo wa Beni una mchanga, na wanafunzi kule wamekuwa wakiungoja wa Musienene.

Barabara ile unaijua ilivyo ya hatari. Tulikaa na simu mkononi siku nzima. Jioni alipiga, akatueleza, na tunakueleza kama alivyotueleza.

Alikuta watoto saba na magunia arobaini. Monsieur Tshibangu alikuwa ubaoni na mbuzi wake. Alimwona mlangoni, akaweka chaki chini polepole, akasema, "Madame, vraiment, karibu," akaketi kwenye dawati la wanafunzi. Walisukuma kakao ukutani. Solange alifungua gunia lake na kugawa udongo, donge kwa kila mtoto, na donge la mwisho akabaki nalo mwenyewe, ingawa alikuwa hajafinyanga kitu tangu ulipokwenda. Hakuwaambia umetoka wapi. Wakafanya kuku, wakafanya viatu, mmoja akafanya nyumba bila mlango, na Solange akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, bila kuigusa.

Walipomaliza waliosha mikono kwenye beseni moja, watoto kwanza, yeye mwisho. Maji yakawa mekundu. Watoto walitoka, naye akabaki na beseni mbele yake, mikono bado iko ndani, hawezi kuitoa. Alituambia hajui alikaa hivyo kwa muda gani. Tshibangu alikuja mara moja mlangoni, akaona, akarudi nje.

Kisha aliinua beseni, akatoka nalo nyuma ya chumba, akayamwaga maji ardhini, yote, akapangusa mikono kwenye sketi yake. Akarudi ndani kuwaandikia wazazi barua kwamba somo lipo kesho saa mbili.

Kisha Solange akakata simu. Papa Syauswa aliinuka akaenda kulala mapema. Asubuhi sahani yako ilikuwa mezani kama kawaida, na pembeni yake aliongeza ya pili, ya Solange, kwa sababu naye sasa yuko mbali. Hadassa amekubali kushindwa. Tuna hamu nawe, Mama Emérence. Tunaitamani harufu ya maharage yaliyoungua, na mlango unaosukumwa kwa kiwiko kwa sababu mikono imejaa udongo. Mwaka mmoja haukutuzoesha.

Wanaokukumbuka ni mume wako Papa Syauswa, binti yako Solange, aliyeko Beni, mdogo wako Hadassa, Mathe, ambaye si wa damu lakini ni wa nyumba, Monsieur Tshibangu, wanafunzi wa Butembo, na wale saba wa Beni, ambao leo hii ni kumi na mmoja.

Maadamu tupo, utatajwa.